Diski Nzito

Kompyuta ya kanisa letu ilichelewa kuwaka hadi kwaya inamaliza wimbo na maneno hayajatokea ukutani. Nikatumwa Kitui kununua SSD ya bei nafuu, ile diski ndogo ya kuiwasha upesi. Muuzaji aliniwekea mbili. Nikazipima kwa kiganja, vile tunavyochagua matikiti sokoni Kambu, nikachukua iliyo nzito. Ile nyepesi niliicheka.

Wiki haikuisha, mashine ikagoma kuwaka. Nikaifungua diski kwa bisibisi, mchungaji akiangalia. Mungu wangu! Ndani kulikuwa na memori kadi ya simu, na kipande cha chuma kimebandikwa kwa gundi. Chuma! Mchungaji alikibandua, akakipima kwa kiganja.

"Hata mimi," akasema, "ningechukua hii nzito."