Kifua cha Kipriani

Kijiji chetu cha Muyama kilimjua Kipriani kwa urwagwa, pombe ya ndizi. Alikamua, akachachusha, akauza, na kwa desturi yetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, kuonyesha kwamba haina sumu. Wageni wake walianza kufika umande haujakauka. Kuonja kukawa kunywa, wala hakuna aliyemwita mlevi, maana mwenzetu alikuwa kazini!

Mkewe Immakulata, binti wa kijiji cha Munanila, hakuwahi kushika mimba. Kwetu mimba isipoingia anatazamwa mwanamke tu, kana kwamba mwanamume alikwenda harusini kula wali. Jambo hilo huniudhi mpaka leo. Mwaka wa tisini na sita mama mkwe wake na shemeji yake Pasikali, mdogo wa Kipriani, walipatana: Immakulata arudishwe kwao, Kipriani aozwe mwingine.

Kabla ya kikao, Kipriani alikwenda hospitali Kasulu. Matiti yalikuwa yamemvimba, akiyaficha kwa koti hata jua likiwaka, naye alidhani ni saratani. Daktari alimpima, akamuuliza habari za pombe na za chumbani.

"Si saratani, ndugu yangu. Pombe imeharibu korodani, homoni ya kiume imepungua. Ini nalo limeumia, linashindwa kuondoa homoni ya kike, ambayo kila mwanamume anayo kidogo. Ndiyo maana kifua kimeota matiti na nguvu zimekwisha."

"Na mtoto?"

"Inaelekea kasoro iko kwako. Acha pombe kabisa, kisha tutaona. Siahidi kitu."

Siku ya kikao nami niliitwa, kama jirani. Mtungi uliwekwa katikati, Pasikali akamsogezea kaka yake mrija aonje. Immakulata alikuwa amekaa mlangoni, mzigo wake umekwisha fungwa. Kipriani aliusukuma mrija kando. Akavua koti, akafungua shati.

"Kasoro ni yangu," alisema. "Pombe ndiyo imenifanya hivi, daktari kaniambia. Mke wangu haendi popote."

"Yoo, mwana wanje!" Mama yake alijifunika uso kwa kitenge, akimlilia mwanawe. Nilimhurumia, pamoja na hasira zangu zote.

Pasikali alimgeukia Immakulata. "Shemeji, ulikuwa unajua?"

"Nalala naye, nisijue?"

"Sasa mbona ulinyamaza, na sisi tunakufukuza?"

"Nimwaibishe mume wangu mbele yenu?" alisema Immakulata. "Heri ningerudi Munanila."