Pindo la Riwaya

Katika karakana anayofanyia kazi mama mdogo wangu, kitabu hakisomwi kizima. Riwaya mpya ikipatikana, mkata nguo huilaza juu ya meza yake, akaipasua mgongo kwa wembe na kuigawa vipande, kisha kila kipande hupitishwa cherehani ubavuni kisisambaratike. Kipande cha kwanza wanakiita kola. Kinachofuata ni mwili, halafu mikono miwili, na mwisho wa hadithi ni pindo. Aliyemaliza kola humpa mwenzake na kuchukua mwili, na hivyo kitabu kimoja kinawatosha wote.

Karakana yenyewe ni chumba kirefu juu ya duka la rangi. Madirisha yako upande mmoja tu, na mvuke wa pasi umechanganyika na harufu ya rangi kiasi kwamba nguo za watu hutoka pale zikinuka nyumba mpya. Mama mdogo hushona vifungo na kutoboa tundu zake, kwa hiyo anaitwa Vifungo. Mkata nguo ni Mzee Makasi. Mwanamke wa cherehani ya dirishani, mwenye mdomo na moyo mzuri, ni Rinda. Mpiga pasi ni kijana asiye na jina jingine ila Pasi, na yeye riwaya hagusi, anasoma katuni.

Mchana, wakishakula, hawaulizani habari za nyumbani. Wanaulizana, "Uko wapi?"

"Niko pindoni," alijibu Rinda siku moja nilipompelekea mama mdogo chakula.

"Wewe unasoma au unameza?" Mzee Makasi akamuuliza. "Juzi tu ulikuwa kwenye mkono."

"Mume wangu kasafiri, mzee. Nikumbatie mto?"

"Mimi nimemaliza yote," Pasi akasema, akipunga katuni yake. "Jambazi kafungwa, mbwa wake kapewa kazi polisi."

"Katuni nayo unasema umesoma? Umetazama."

"Haya, itazame wewe tuone kama utaelewa."

Mama mdogo alikuwa bado kwenye mwili. Wao walidhani anasoma polepole kwa sababu ya umri. Ukweli nilikuwa nao mimi, maana ndimi niliyekuwa nikimsindikiza kliniki. Presha ya macho ilikuwa imeshaondoka na jicho la kushoto, na la kulia lilibaki likiona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alimweleza bila kuzungusha maneno: dawa ya matone inazuia, hairudishi, na hata kuzuia inazuia kwa muda. Asubuhi alikuwa akimwomba Rinda amtungie sindano nyingi kwa mkupuo, anazichomeka kwenye kifua cha gauni lake, ili siku nzima asionekane akitafuta tundu la sindano.

Riwaya ile ilimshika kuliko zote. Ni hadithi ya mjane aliyempangisha chumba cha uani mtu mpole, mwenye adabu, kisha akagundua kidogo kidogo kwamba ndiye aliyemuua mumewe. Akajua, akanyamaza, na kila asubuhi akaendelea kumpelekea chai.

"Anangoja nini yule mwanamke?" mama mdogo aliniuliza tukiwa kwenye benchi la kliniki. "Mimi ningekuwa nimeshamfukuza. Au labda nisingemfukuza. Hiki nataka nikimalize kwa jicho langu mwenyewe. Baada ya hiki, basi, sidai kingine."

Akasoma mkono wa kwanza akiwa ameinamia dirisha, karatasi imekaribia kugusa pua. Akasoma mkono wa pili. Palipobaki pindo peke yake, jicho likaanza kuuma usiku na mchana, na daktari akamlaza ili wamfanyie upasuaji wa kupunguza presha.

Aliporudi kazini niliongozana naye, nikambebea mkoba. Walimpokea vizuri mno. Pasi alimwekea mto kwenye kiti. Mzee Makasi akamwambia amenenepa, jambo ambalo halikuwa kweli. Mama mdogo akakaa, akapapasa meza mpaka akalipata kopo la vifungo, akasema, "Haya, pindo langu liko wapi? Nianze kabla ya kazi."

Cherehani ya Rinda ikasimama.

"Rinda, si wewe uliyekuwa wa mwisho nalo?"

"Dada," Rinda akasema, "zililetwa gauni za satini za wasimamizi wa harusi. Unaijua satini inavyoteleza."

Alijua. Kila mshonaji anajua. Satini isipowekewa karatasi chini hukimbia kwenye meno ya cherehani, mshono ukapinda. Unashona nguo na karatasi pamoja, kisha unaichana karatasi, inatoka vipande vyembamba vyenye matundu ya sindano.

"Karatasi zilikuwa zimeisha," Rinda akaendelea. "Nikaona lile pindo liko mezani, limekaa tu. Nikajua sisi wote tumeshamaliza."

"Wote nani?"

Rinda akaanza kulia bila sauti. Mzee Makasi akashika mkasi, akauweka tena.

"Mimi ndiye niliyemruhusu," akasema. "Tulisikia habari za jicho. Tukafikiri hutasoma tena, dada yangu. Tulifikiri kukuuliza ni kukuumiza."

Pasi aliinuka akaenda kwenye gunia la mabaki. Akalimwaga sakafuni, wakapiga magoti wote watatu, wakaokota vipande vya karatasi katikati ya nyuzi na vipande vya nguo. Mimi nilizunguka kwa wauza vitabu wote ninaowajua. Wa kwanza siku hizi anauza chaja za simu. Wa pili alisema kitabu hicho hakichapishwi tena, na akaniuliza kama sitaki cha mapishi.

Jioni walikuwa wamebandika ukurasa mmoja, nao haukuwa na mwanzo. Mama mdogo akausogeza jichoni. Akaugeuza, akausogeza tena dirishani. Tulisimama tukimtazama, na ndipo nilipoona kwamba jicho lake haliendi popote kwenye ile karatasi.

"Wino umefifia," akasema.

"Ndiyo, umefifia sana," Rinda akadakia. Wino haukuwa umefifia.

"Basi nihadithieni. Mjane alifanyaje?"

"Alimfukuza," Rinda akasema. "Alimtupia mizigo nje, mchana kweupe."

"Hapana," Mzee Makasi akasema. "Mizigo aliifunga mwenyewe yule mtu. Mjane alimwomba abaki."

"Alimwomba abaki mpaka polisi wafike, mzee. Ulisoma umesinzia?"

Wakabishana mpaka muda wa kufunga ukapita, kila mmoja akiapa kwamba macho yake yaliona. Mama mdogo aliwasikiliza kwa heshima, kama mgeni anayesikiliza ugomvi wa nyumba ya watu. Kisha akachomoa sindano kifuani, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto mdogo wa Rinda, akaniomba mkoba wake.

Hajarudi tena karakana. Rinda huja Jumapili, anakaa ukingoni mwa kitanda na kueleza nani anasoma nini na nani yuko wapi. Mama mdogo humjibu, "Vizuri, mdogo wangu," halafu hamuulizi kitu. Wiki iliyopita nilimpelekea riwaya mpya nimsomee, nikafika ukurasa wa tatu akaniwekea mkono juu ya kitabu.

"Niwashie redio, mwanangu."

"Kuna mchezo wa kuigiza saa hii."

"Sitaki mchezo. Niwekee taarifa ya hali ya hewa."

Nikamwekea. Alisikiliza mvua za miji ambayo hajawahi kufika, amelala chali, macho wazi. Nilipoaga, alikuwa ameanza kusinzia.