Nilimpakazia sumu mama wa Luvungi

Ndugu zangu, sitafuti wa kumsingizia. Kosa ni langu, na mdomo uliolifanya ni huu huu ninaolia chakula. Nimechoka kulibeba peke yangu.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, tulipokuwa tunaitana citoyen, yaani raia, mpaka nyumbani. Shemeji yangu Cirhuza, kaka wa mke wangu, alikuwa dereva hodari wa Bukavu. Ikatangazwa rali: kutoka Goma, magari yapande boti hadi kisiwa cha Idjwi, yavuke tena hadi Bukavu, kisha yateremke Uvira na kumalizia Kalemie, ile miji ya zamani ya Ziwa Tanganyika. Mimi, karani wa ofisi, nikawa msaidizi wake. Nilishika ramani, na nilichunga kila kinachoingia tumboni mwake.

Kazi hiyo ya pili niliipenda kupita kiasi! Kule Idjwi mshindani wetu mmoja alitupatia mananasi. Nikayatupa ziwani. Fundi akiinamia tairi letu, nami nainama. Wenzangu wanasifia kisiwa, mimi naangalia mikono ya watu.

"Beau, weye hata kivuli yako unaogopaka," Cirhuza alinicheka. Beau ndiyo shemeji kwetu.

Tulitoka Bukavu tukiongoza. Kamanyola tuliongeza mafuta kutoka kwenye bidoni, dumu letu la akiba. Cirhuza akaufyonza mpira kwa mdomo ili yateremke, akameza, akakohoa mpaka machozi. Nikacheka, tukaendelea.

Luvungi injini ikachemka. Mama mmoja mjane, jina lake Mama Furaha, akatuletea maji ya kutia kwenye radieta. Kisha akaleta kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

"Kunywa, baba. Jua iko kali."

Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, hata akiwa mama yako mzazi. Ndivyo anavyokuhakikishia kwamba hakuna karuho, ile sumu tunayoiogopa kuliko risasi.

"Maman, onja kwanza," nikamwambia.

"Papa, miye niliacha pombe. Nilimuahidia padri tangu bwana yangu alikufa."

"Kidogo tu!"

"Hapana, papa. Nitamudanganya Mungu?"

Nikamkonyeza Cirhuza asinywe. Akaona aibu kwa ukorofi wangu, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa.

Hatujafika Sange, akaanza kutapika. Jasho linamtiririka, macho yamelegea. Si nilisema! Nikamlaza kiti cha nyuma, nikashika usukani. Na hapa ndipo shetani aliponikuta: badala ya kwenda mbele, hospitali ya Uvira, niligeuza gari! Nilirudi Luvungi kumtafuta yule mama, na mgonjwa analia nyuma yangu!

Nikapiga kelele katikati ya barabara: "Huyu maman amemupatia ndugu yangu karuho! Alikataa kuonja!"

Watu wakajaa. Wakamuuliza kama kweli alikataa.

"Ni kweli, nilikataa, lakini..."

Hawakumwacha amalize. Wakaanza kuokota mawe. Niliona jiwe la kwanza likigonga mlango wake, watoto wake wakakimbilia ndani. Nikaondoa gari, nikijiona mwanaume.

Uvira muuguzi alimwinamia Cirhuza mara moja tu. "Huyu amekunywa essence. Hamusikie harufu?"

Gari letu lote lilikuwa linanuka mafuta, ningetofautishaje? Nikakumbuka Kamanyola, na ule mpira mdomoni mwake. Nikakaa chini sakafuni.

Cirhuza alipona. Rali ilitupita, na hilo si kitu. Alipopata nguvu akaniuliza, "Na ule maman, ulienda kumuomba samahani?"

Nikajibu ndiyo. Uongo mtupu! Karani mzima nipige magoti kijijini, mbele ya watu walionisikia nikipayuka? Nikajifariji kwamba wamekwisha sahau. Cirhuza alipokuja kuujua ukweli, aliacha kukanyaga kwangu. Mke wangu naye hunitengea chakula bila neno.

Miaka ikapita. Siku moja nanunua makaa sokoni Nyawera, Bukavu, muuzaji akanikazia macho. Alikuwa yeye! Amekonda, lakini ni yeye. Nilikuwa nimekwisha kusikia kwamba nyumba yake ilichomwa, akafukuzwa pamoja na watoto. Nikangoja matusi. Nilistahili kofi.

"Papa," akasema taratibu, "ule ndugu yako alipona?"

"Alipona."

Akafanya ishara ya msalaba, machozi yakamtoka. "Aksanti Mungu! Miye nilifikiri nilimuua. Pengine kibuyu ilikuwa na kitu, miye sikujua. Kila siku namuombeaka."

Jamani! Alikuwa amejihukumu mwenyewe kwa neno langu! Kumwambia kwamba ni mafuta tu kungenigharimu nini? Nikamlipa. Nikabeba makaa yangu, nikaondoka.

Usiku ule sikulala. Niliporudi sokoni kumwambia, wenzake wakasema amehama na watoto, hawajui alikokwenda. Nimemuuliza kila mtu anayetoka uwandani, upande wa Luvungi. Hakuna anayejua.

Wewe unayesoma, shuku utakavyo, kuna mambo ya kushuku duniani. Lakini ukitaka kumtaja mtu mbele ya watu, funga kwanza mdomo wako. Na ukishakosea, rudi siku hiyo hiyo, hata kwa magoti.

Na wewe Mama Furaha, popote ulipo, mtu akusomee hapa: pombe yako ilikuwa safi. Hukumdhuru mtu. Mimi nilijua tangu siku ile ile.