Ukungu Kwenye Karanga

Mtaani walimwita Mama Unga. Mashine yake ya kusaga ilikuwa uani, na unga wake wa uji, wa mahindi na karanga, ulilisha watoto wa majirani karibu wote. "Hata jiwe likinywa uji huu litanenepa," alizoea kuwatania wateja.

Mjukuu wake hakunenepa. Alimaliza bakuli, akalilamba, na bado mbavu zilihesabika. Binti yake Mama Unga alianza kulala huku mkono uko kifuani kwa mtoto, ahakikishe anapumua.

Mama Unga alimpeleka mtoto kliniki. Nesi alimpima akakunja uso. "Anakula nini huyu?"

"Uji wangu mwenyewe, wa karanga."

"Karanga unaziweka wapi, mama?"

Mama Unga akamweleza. Stoo ilivuja wakati wa mvua. Magunia yalipolowa aliyaanika, akatupa karanga zilizooza kabisa, zilizobaki akazikaanga.

"Si moto unaua kila kitu?"

"Unaua kuvu, sumu yake inabaki. Sumukuvu hiyo. Huenda ndiyo inamzuia kukua, huenda kuna jingine pia, siwezi kukuapia. Ila uji huo acha kumpa leo hii."

Alipofika nyumbani alitumbukiza mkono kwenye gunia. Ukatoka na vumbi la kijani. Akakaa sakafuni. Ikamjia kwamba si mjukuu wake peke yake.

Hodi ikapigwa. Alikuwa jirani yake, mama wa mapacha, kopo mkononi.

"Shoga, nijazie. Wanangu wamekuwa wepesi kama karatasi, bora wapate uji wako."

Angeweza kusema mashine imeharibika. Maneno hayo yalishafika mdomoni.

"Sikupi," akasema. "Na unga ulio nao usiwape tena. Karanga zangu ziliingia ukungu. Unga huo una sumu."

"Acha utani."

"Natamani ungekuwa utani."

Jirani alitimua mbio, kopo akaliacha pale pale.

Mama Unga akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba unga wake urudishwe. Wengine walimtukana, mmoja akamfungia mlango usoni. Ule aliorudishiwa aliufukia pamoja na magunia.

Baada ya miezi kadhaa mjukuu alianza kuongezeka uzito, taratibu. Pacha mmoja naye akapata mashavu. Wa pili bado, na hakuna anayejua kama ni unga au ni kitu kingine. Mama Unga humwona akipita na mama yake, vikono vyembamba vimening'inia, na kila mara hugeukia ukutani mpaka wapite.