Marobota Yaliyofungwa na Umande

Kuna asubuhi moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na si kwa sababu nilifanya jambo la kujivunia. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mdomo mwepesi, najiona nimeijua biashara ya nyasi kumshinda aliyenifundisha. Aliyenifundisha ni Bi Zuhura, mama wa Kiswahili aliyetoka pwani akiwa msichana na kuzeekea hapa Eastlands. Alifuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba yake Komarock na kuwauzia wafugaji wenzake nyasi kavu. Mimi binti wa Ukambani, mke wa dereva, alinichukua tufanye kazi pamoja, akaniamini kabisa. Nimeishi na watu wengi mjini humu, lakini wa kumweka karibu na yule mama sijampata.

Nyasi tulizikata kwenye shamba la kukodi huko mbele, barabara ya Kangundo. Zinaanikwa, zinageuzwa, zikikauka zinashindiliwa ndani ya sanduku la mbao na kufungwa kamba, na hilo ndilo robota. Bi Zuhura alikuwa na sharti moja, usifunge kabla umande haujaisha. Alikuwa akichukua nyasi kiganjani azisokote. Zikikatika, funga. Zikijikunja tu, keti ungoje.

Siku hiyo miguu ilimuuma, akanituma mimi na vibarua wawili. Pikapu ilikuja mapema, na dereva wake alikuwa mtu wa kupiga honi na kulalamika. Nilizishika nyasi, nikazisokota, zikajikunja. Niliona kwa macho yangu haya. Nikajiambia, aah, zitamalizia kukauka huko huko ghalani, nikawaambia vibarua wafunge. Nyumbani Bi Zuhura akaniuliza kama zilikuwa kavu, nikamwambia kavu kabisa. Uongo mtupu, mwanangu, tena niliusema huku nikitabasamu.

Marobota kumi tulimpelekea Mutuku, mchonga vinyago aliyefuga ng'ombe mmoja mtaa wa pili. Akayapanga nje, yakiegemea ukuta wa mbao wa chumba alicholala mama yake mzazi, mzee asiyeweza kutembea. Yaliyobaki yakaingia ghala letu.

Baada ya siku chache Bi Zuhura alipita mlangoni mwa ghala, akasimama, akanusa. Kulikuwa na harufu tamu, kama sukari inayoungulia sufuriani. Aliagiza chuma kirefu, akakichomeka katikati ya robota, akaketi kidogo, kisha akakichomoa na kunipa. Nilikiachia papo hapo kwa moto wake. Mimi nilidhani nyasi zenye umande huishia kuoza tu. Kumbe zikibanwa na unyevu wake hujipasha joto ndani kwa ndani, mpaka siku moja zinawaka zenyewe bila kiberiti cha mtu.

Hebu ungemwona mama yule. Hakufoka wala hakukimbia huku na huku. Aliweka ndoo za maji tayari kwanza, maana robota lenye moto ndani likipata hewa linaweza kulipuka mikononi mwako. Tukayatoa moja moja. Ya moto tukayamwagia maji, yenye vuguvugu tukayakata kamba na kuyatandaza juani. Yaliyoota ukungu aliyakataa katakata. Nikasema basi tuwape mbuzi wa jirani, akaniangalia kama nimetukana. Ng'ombe mwenye mimba ataiharibu, akasema, na mbuzi naye ana tumbo, na vumbi lake litakuharibia kifua wewe unayelitikisa. Yote yakaenda shimo la mbolea, na yeye na miguu yake mibovu alibeba sawa na mimi.

Wakati huo wote nilikuwa namfikiria mama yake Mutuku. Nikisema, Bi Zuhura atajua nilimdanganya. Basi nikanyamaza. Naona haya kukuambia hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: mzee wa watu amelala kando ya moto, na mimi nahangaikia jina langu. Ni Bi Zuhura aliyenawa mikono, akajitanda buibui, akasema twende kwa Mutuku sasa hivi.

Tulipofika Bi Zuhura alimweleza hatari, Mutuku akambeba mama yake hadi kwa jirani, ndipo tukaanza kutoa. Robota la saba lilikuwa jeusi ndani, na moshi ukatoka. Tukalimwagia maji mpaka likanyamaza. Mutuku, jasho likimtiririka, akauliza ni nani aliyefunga nyasi hizi.

"Kosa ni langu," Bi Zuhura akamjibu. "Nimekuuzia kitu ambacho sikukishika kwa mkono wangu."

Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa ameshajua, mwanangu, alijua tangu chuma kilipotoka cha moto, na bado alisimama mbele ya mteja wake akajibebesha kosa langu. Afadhali angenizaba kofi. Nilisema nikilia, "Si yeye. Mimi nilijua ni mbichi, nikamdanganya."

Mutuku akaweka ndoo chini, akasema, "Dada, si ungeniambia siku ile ile? Ningezianika mwenyewe."

Njia nzima ya kurudi Bi Zuhura hakunisema. Msimu uliofuata nyasi zilipokatwa, alinituma shambani peke yangu, na niliporudi aliniuliza swali lile lile, zi kavu? Nikasema ndiyo. Akasema haya, kapakue, wala hakwenda kuzisokota.

Basi mwanangu, ukiteleza, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajalala kando ya kosa lako bila kujua. Na aliye chini yako akikiri, mrudishie kazi yake, usimfanye aishi akinuswa. Mungu akujalie ujasiri wa kusema nimekosa, na akukutanishe na mtu atakayekuamini tena baada ya kulisikia kosa lako.