Lafudhi Iliyonirudisha Kwetu

Nakumbuka siku moja ya utoto wangu, mwanangu, na hata leo inanijia kama ndoto. Tulikuwa tumekimbia vita, nikapotezana na mama barabarani, na watu wakanipandisha kwenye kamiyo, lori lililojaa wakimbizi, hadi Beni. Mjane mmoja wa mtaa wa Beu, Mama Kavira, akanipokea. Aliniuliza kwetu ni wapi. Nilijua kusema "kwetu" tu. Jina la kijiji sikulijua.

Watoto wa mtaa walicheka namna nilivyosema. Nilivuta maneno, nikayapandisha mwishoni. Basi nikanyamaza. Niliishi ndani ya kimya kile kama mtu aliye chini ya maji, sauti za wengine zikinifikia kwa mbali.

Mama Kavira akawakemea: "Hapana cheka! Iyo ni lafudhi. Kila mutu iko nayo, hata nyinyi." Kisha akanigeukia. "Na weye, mutoto yangu, usiifiche. Lafudhi ni namna sauti inatoka mu kinywa, vile mama yako alikufundisha. Ukinyamaza, nani atajua kwenu?"

Asubuhi iliyofuata alinipeleka sokoni, akaniambia nisalimie kila muuzaji. Mbele ya mama mmoja wa viazi nikasema kwa Kinande, lugha yetu, nikivuta maneno kama kawaida yangu, "Wavukire, mama." Mkono wake ukasimama juu ya gunia.

"Rudilia," akasema. Nikarudia. "Kumbe uyu mutoto ni wa kwetu, kijiji cha Alimbongo!"

Mama yule wa viazi akaondoka nami kwenye kamiyo ya kurudi kwao. Tulifika kukiwa na ukungu mzito, mashamba hayaonekani, akaniambia niite. Niliita "Mama!" kila shamba tulilopita. Mwishowe, mahali fulani, jembe moja likaacha kulima. Mtu akaja mbio. Uso wake nilikuwa sijauona bado, lakini alitaja jina langu kwa kulivuta, akilipandisha mwishoni, nami nikaanza kulia.

Mwanangu, jana nilikusikia kwenye simu ukijitahidi kusema kama watu wa Kinshasa. Jifunze, si vibaya. Ila lafudhi si kosa la ulimi, wala si jambo la kumcheka mgeni. Akifika mtu hapa Butembo akisema kwa namna usiyoizoea, msikilize mpaka amalize. Pengine kuna mtu anamtafuta. Mungu akupe kinywa kisichoona haya, na sikio lenye subira, na nyumba ambayo mgeni hataogopa kufungua mdomo ndani yake.