Meno Sita ya Koplo

Nikiwa mdogo huko Njoro, kwenye shamba la ngano la mzungu, niliona maksai akifunguliwa mdomo. Mtu alikuwa amemleta kumuuza. Yule mzungu hakutazama kwato wala mgongo. Alishika taya, akainua kichwa, akaingiza vidole, akasema huyu ni mzee, hamtaki. Mwenye maksai alisimama na kamba mkononi akitazama chini. Ngano mwaka huo iliingiwa na ugonjwa wa kutu, tukala viazi hadi tukavichukia, lakini hayo ni mengine. Ninachosema ni kwamba tangu siku hiyo sipendi kuona mtu akishika taya ya kiumbe. Na tazama Mungu alikonipeleka kufanya kazi: kliniki ya meno ya jeshi, Gilgil, miaka ile ya hali ya hatari.

Mimi nilichemsha koleo na kuosha vikombe vya kutemea. Shule niliigusa tu. Mwenye kichwa alikuwa koplo mmoja Mjaluo, mtoto wa mtu wa reli, aliyelelewa kwenye landhi za Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Kapteni, yule daktari mzungu, alimwachia wagonjwa akienda kupiga bata Naivasha, na askari wenye jino bovu walikuwa wakiuliza kwanza bata wako wengi au wachache.

Kapteni mwenyewe alikubali kwamba mkono wa koplo ni mwepesi. Akaandika barua, na baada ya miezi mingi jibu likaja: jeshi litampeleka ng'ambo kusomea udaktari wa meno, kisha limwongezee masomo ya taya na upasuaji, lilipe kila kitu, na yeye alitumikie jeshi miaka kumi. Mwafrika! Sisi hatukuwa tumesikia kitu kama hicho. Koplo alipunguza hata kula kwa kuiwaza safari.

Sasa, koplo hakuwa na meno sita ya chini mbele. Yalitolewa akiwa kijana, kwa desturi yao, kuonyesha amekua. Na aliyeyatoa ni baba yake. Huyo mzee ndiye aliyewatolea vijana wa landhi nzima. Kapteni aliona haya itakuwaje daktari wa meno awe na pengo, akamtengenezea meno ya bandia, mazuri kabisa. Koplo aliyavaa kazini. Jumamosi akipanda treni kwenda kwao aliyafunga kwenye leso, na akaniomba nisimwambie mtu.

Karatasi ya mapatano ilitaka kidole cha mzazi. Mzee akaja, amevaa koti la reli lenye vifungo vya shaba ingawa alikuwa amestaafu. Koplo akatia meno mfukoni. Hapo ndipo nilipokosea, na sijawahi kujisamehe. Nilitaka tu kapteni anione niko macho. Nikasema, "Afande, koplo amesahau meno yake."

Koplo alinitazama. Akaamriwa, akayavaa.

Mzee alimwangalia mtoto wake kama mtu aliyefunguliwa mlango na mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Kisha akauliza kwa Kiswahili, ili sote tusikie, "Nani alikuonyesha kushika kichwa cha mtu anayetolewa jino?"

"Ni wewe, baba."

"Huyu anajua?" Mzee alimwelekezea kapteni kidevu.

"Sijamwambia."

Nilijua sasa mzee atakataa. Hakukataa. Alisema mtoto asome, meno ni ya mwenye mdomo, yeye aliona mengi kwenye reli. Akachovya kidole gumba katika wino. Nikapumua. Koplo naye nikamwona mabega yakishuka.

Lakini kapteni alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hanyamazi. "Angalia, mzee," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Wewe naharibu, mimi natengeneza. Yeye narudi, kazi ya kwanza nakwenda landhi kukataza wewe." Na ili tuone tofauti ya pengo la mzee na meno ya koplo, akanyoosha mkono, akashika taya ya mzee, akainua kichwa chake juu, akafungua mdomo wake kwa kidole.

Mzee hakusogea. Kidole chake chenye wino kilibaki hewani, kando ya karatasi. Alitazama dari. Mimi nilikuwa na koleo za moto kwenye sahani na sikuhisi kwamba zinaniunguza. Hadi leo nina alama.

Koplo alitoa meno, akayaweka ndani ya kikombe cha kutemea, taratibu, kama anavyoweka kitu cha mgonjwa. Akauondoa mkono wa kapteni kwenye uso wa baba yake, bila kuusukuma. Akafuta wino kwenye kidole cha mzee kwa ile leso yake.

Wakatoka. Niliwaona dirishani wakipita kwa askari wa geti, koplo amebeba kofia ya mzee. Nilifikiri anamsindikiza stesheni. Nikachemsha koleo za mchana, nikaziweka upande wake. Hakurudi.